Kutunza DNA katika seli za wanyama zilizokaushwa kwa kugandishwa

Mfugaji aliyewahi kuchanja mbuzi wake dhidi ya sotoka anakifahamu kichupa chenye kizibo cha mpira na kifuniko cha alumini, ambacho chini yake kuna kipande cheupe, chepesi kama povu lililokauka, kinachoyeyuka mara kinapotiwa maji. Kipande kile kiligandishwa kwanza, kisha maji yake yakaondolewa yakiwa bado barafu, bila kupitia hali ya umajimaji. Njia hiyohiyo inaweza kukausha seli za ng'ombe, za kuku au za mnyama wa porini, ili DNA iliyomo ikae kwa miaka ndani ya jokofu au friza ya kawaida badala ya kukaa ndani ya mtungi wa naitrojeni ya kimiminika.

Kwa maabara za Mbeya, Iringa na Njombe njia hii ina maana ya pekee. Mtungi wa naitrojeni hupungua kila siku hata usipofunguliwa, kituo cha taifa cha uhimilishaji, chenye naitrojeni hiyo, kiko Usa River mkoani Arusha, na gari likiharibika Makambako mtungi hausubiri fundi. Wakati huohuo huku kwetu kuna vitu vinavyostahili kuhifadhiwa: ng'ombe wekundu wa Iringa, ambao ni mojawapo ya makundi ya zebu wa pembe fupi wa Tanzania, kuku wa kienyeji wa kila kijiji, na kipunji, kima wa misitu ya Rungwe na Udzungwa ambaye wanasayansi walimtambulisha rasmi mwaka 2005 tu, ingawa wenyeji walikuwa na jina lake tangu zamani.

Msomaji aelewe mapema kile anachokihifadhi. Seli ya mnyama iliyokaushwa hivi imekufa, na ukiitia maji haitaanza kugawanyika. Kinachobaki ni kiini chake na maandishi ya urithi yaliyomo. Hata hivyo maandishi hayo yana nguvu: mwaka 1998 watafiti wa Chuo Kikuu cha Hawaii walitangaza kuzaliwa kwa panya kutokana na mbegu za kiume zilizokaushwa kwa kugandishwa, na mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yamanashi nchini Japani wakatangaza panya walionakiliwa kutokana na seli za kawaida za mwili zilizokaushwa na kuhifadhiwa hadi miezi 9, ingawa majaribio mengi yalishindikana kwa kila lililofaulu. Tofauti ya miaka 24 kati ya habari hizo mbili ina sababu. DNA ya mbegu ya kiume imekazwa sana kwa protini za pekee, kama furushi lililofungwa kwa kamba, lakini ya seli ya kawaida imelegea na huumia upesi zaidi. Mwongozo huu unahusu hizo zilizolegea.

Maoni yangu, ambayo nimeyapata kwa kuharibu vitu, ni kwamba watu wengi humaliza uangalifu wao wote kwenye mashine ya kukaushia, ambayo hufanya kazi yake kwa siku mbili, wakakisahau kizibo, ambacho kinatakiwa kufanya kazi kwa miaka ishirini.

Kinachoiharibu DNA ikiwa imekauka

Adui wa kwanza ni maji. Hata yakiwa machache sana, maji hung'oa A na G, mbili kati ya herufi nne za maandishi ya urithi, kutoka kwenye uzi wa DNA, na mahali palipong'olewa herufi uzi huja kukatika. Maji hayo hayo huamsha vimeng'enya vya seli vinavyokata DNA, ambavyo havifi vikikaushwa bali hulala, na ambavyo huhitaji kalisi au magnesi ili vifanye kazi. Adui mwingine ni oksijeni, hasa ikikutana na madini ya chuma, na damu imejaa chuma. Mwanga nautaja kwa sentensi moja tu: vichupa vikae gizani.

Kinga yetu kuu ni sukari. Sukari ya trehalosi ikikaushwa pamoja na seli hugeuka kitu kigumu kisicho na chembe za fuwele, yaani hali ya kioo, na molekuli zilizonaswa ndani ya kioo hicho haziwezi kutembea kwa urahisi wala kukutana na kuharibiana. Anayetaka kuielewa hali hii aichukue pipi ngumu ya dukani. Wakati wa kiangazi pipi hiyo ni kioo, ukiigonga inavunjika. Ukiiacha wazi mezani mwezi Januari, mvua zikiwa zimekolea, baada ya siku chache inanata vidoleni. Haikuyeyushwa na joto, ila imenyonya maji ya hewani, na kioo kikishanyonya maji hulainika katika joto dogo zaidi. Trehalosi kavu kabisa hulainika ikifika zaidi ya nyuzi 110. Ikiwa na maji 5% hulainika karibu na nyuzi 60, na ikifika 10% hulainika katika joto la kawaida la chumba. Kwa hiyo unyevu na joto vinaandikwa kwenye daftari moja: ukikosea upande mmoja, unalipa upande wa pili.

Sukrosi, yaani sukari hii ya mezani lakini iliyosafishwa kwa kiwango cha maabara, hufanya kazi hiyo kwa gharama ndogo, ila kioo chake kikavu hulainika kwenye nyuzi 60 hadi 70 hivi, kwa hiyo nafasi ya kukosea ni ndogo zaidi. Glukosi isitumike kabisa, kwa kuwa hushikana na protini na DNA taratibu na kuzigeuza rangi ya kahawia, mithili ya ukoko wa mkate.

Kuandaa seli

Kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo, chanzo chepesi ni seli nyeupe za damu. Damu ichukuliwe kwenye mirija yenye EDTA, kemikali inayozuia damu isigande, ile ya kifuniko cha zambarau, wala isichukuliwe kwenye ile ya kijani yenye heparini, kwa sababu heparini huvuruga PCR, yaani njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi ili kipimike, baadaye. Seli nyekundu za ng'ombe hazina kiini, kwa hiyo hazina DNA ya kutufaa, na chuma chake ni mzigo mtupu. Zipasuliwe kwa myeyusho wa amonia kloridi, sampuli izungushwe kwenye sentrifuji kwa nguvu ya 300 g, yaani mara 300 ya mvutano wa dunia, kwa dakika 10, maji mekundu yamwagwe, kisha seli zioshwe mara mbili hadi punje ya chini iwe nyeupe. Punje ikiwa bado ya pinki, osha tena. Nimeona watu wakiridhika na pinki, na ni kosa la uvivu.

Kuku ni habari nyingine. Seli nyekundu za ndege zina viini, hivyo tone la mikrolita 5 la damu ya kuku lina seli zaidi ya milioni 10 zenye DNA, na huna haja ya kutafuta seli nyeupe. Tatizo ni kwamba chuma kiko ndani ya seli zilezile unazozitaka. Mimi huzipasua kwa upole ili nivitoe viini peke yake, naviosha, kisha navikausha viini hivyo. Asiyeweza kufanya hivyo aongeze EDTA na asitarajie miaka mingi.

Myeyusho wa kukaushia ni mfupi. Kwa mililita 100, pima gramu 9.46 za trehalosi yenye maji yake mawili ya fuwele, gramu 0.121 za Tris, ambayo ni bafa, yaani kemikali ya kuzuia pH isiyumbe, na gramu 0.037 za EDTA ya sodiamu, yeyusha katika maji safi ya maabara, rekebisha pH iwe 8.0, kisha chuja kwa kichujio cha mikromita 0.22. Hiyo ni trehalosi ya milimola 250 kwa lita, Tris ya milimola 10 kwa lita na EDTA ya milimola 1 kwa lita. Kazi ya EDTA ni kuyakamata madini ambayo vimeng'enya na oksijeni huyategemea. Pima pH katika joto lilelile ambalo myeyusho utatumika, kwa maana pH ya Tris hubadilika takriban 0.03 kwa kila nyuzi moja, na asubuhi ya Julai katika chumba kisicho na hita pale Mbeya si sawa na mchana wa Novemba.

Kuna vitu viwili ambavyo mazoea huvileta na ambavyo havitakiwi. Kimoja ni bafa ya fosfeti ya sodiamu, ambayo ikigandishwa huacha chumvi mojawapo ijitenge kwanza na kuufanya myeyusho uliobaki kuwa na tindikali kali, na tindikali ndiyo hung'oa zile herufi A na G. Kingine ni gliseroli, ambayo aliyezoea mbegu za madume katika naitrojeni huitia bila kufikiri. Hiyo haikauki pamoja na barafu, bali hubaki ndani na kukilainisha kioo.

Changanya seli kwenye myeyusho baridi, milioni 2 hadi 10 kwa mililita, na utie mililita 0.5 katika kila kichupa cha mililita 3. Seli milioni moja za ng'ombe zina takriban mikrogramu 6 za DNA, kiasi kinachotosha vipimo vingi. Ni bora kuwa na vichupa ishirini vidogo kuliko vinne vikubwa, kwa kuwa kichupa kilichofunguliwa mara moja hakirudi kabatini.

Kabla ya kuendelea, onyo moja. Kukausha kwa kugandisha hakuui vijidudu. Ndiyo njia yenyewe ya kutunzia chanjo hai na bakteria wa maabara. Damu ya nguruwe mwenye homa ya nguruwe ya Afrika, au ya ng'ombe mwenye ugonjwa wa kutupa mimba, ikikaushwa inaweza kubaki na maambukizi yake, tena yakiwa katika hali ya unga mwepesi unaopeperuka. Mnyama aliyekufa ghafla huku damu nyeusi isiyoganda ikimtoka puani asiguswe wala kupasuliwa kwa ajili ya sampuli. Huyo ni wa daktari wa mifugo, kwa hofu ya kimeta.

Kugandisha na kukausha

Sehemu hii nitaipitia kwa haraka, kwa kuwa kila mashine ina kitabu chake. Gandisha vichupa, vizibo vikiwa vimekalishwa nusu juu ya midomo, hadi nyuzi 45 chini ya sifuri au baridi zaidi kwa angalau saa 3. Usigandishe kwa ghafla mno, maana barafu yenye chembe ndogo sana huacha vinjia vyembamba ambavyo mvuke hupita kwa shida. Rafu ya mashine iwe imepozwa tayari, kondensa, yaani sehemu ya baridi inayonasa mvuke, iwe nyuzi 55 chini ya sifuri au chini zaidi, kisha shusha kanieneo hadi paskali 10 hivi na uache rafu kwenye nyuzi 35 chini ya sifuri kwa saa 30 hadi 40. Myeyusho wa trehalosi ulioganda huanza kulegea kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, kwa hiyo mtu anayepandisha joto la rafu ili awahi kumaliza huikuta keki, yaani kile kipande kinachobaki kikikauka, imezama na kushikamana na ukuta wa kichupa. Barafu ikishaisha, pandisha taratibu, nyuzi moja kwa kila dakika 10, hadi nyuzi 25 juu ya sifuri, na ushikilie hapo kwa saa 8 ili maji yaliyojificha ndani ya sukari nayo yatoke.

Hapa kwetu kuna mtego mmoja ambao vitabu vilivyoandikwa kwa watu wa pwani havisemi. Kipimo cha mshale kinachoonyesha ombwe kwa kulinganisha na hewa ya nje hakiwezi kufika kilopaskali 100 chini ya sifuri katika mji wa Mbeya, ulio karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa sababu hewa yenyewe hapa ina kilopaskali 82 hivi tu. Mshale ukisimama kwenye 82, pampu haina ubovu. Imefika mwisho wa kile ambacho kipimo hicho kinaweza kuonyesha. Ninaifahamu maabara iliyobadilisha mafuta ya pampu mara tatu na kuagiza pampu mpya kwa sababu ya mshale huo. Kwa kazi hii kinatakiwa kipimo kinachosoma kanieneo halisi, na paskali 10 za Mbeya ni sawasawa na paskali 10 za Tanga.

Umeme nao hauna budi kupangiwa. Ukikatika wakati barafu bado ipo, sampuli huyeyuka ndani ya ombwe, hutoka povu, na hakuna cha kuokoa. Anza ukaushaji jenereta ikiwa na mafuta, na uwe umejaribu kuiwasha asubuhi ileile.

Kuziba, ambako ndiko kwenye kazi

Fanya hesabu hii kwa kalamu. Mililita 0.5 za myeyusho wetu zikikauka huacha takriban miligramu 43 za trehalosi. Miligramu 1 tu ya maji ikiingia baadaye, unyevu wa keki umepanda kwa zaidi ya 2%. Miligramu 4, na umekaribia ile 10% ambayo kioo hulainika katika joto la chumba. Sasa chukua kizibo cha mpira chenye uzito wa gramu moja, kilichotoka kuchemshwa kwa mvuke na kufutwa tu kwa kitambaa. Kikiwa kimebeba 1% ya maji ndani ya mpira wake, hayo ni miligramu 10, na kiu ya keki kavu itayavuta maji hayo polepole, wiki baada ya wiki, ndani ya kichupa kilichozibwa vizuri kabisa bila tundu hata moja.

Hili nililijifunza kwa trei ya vichupa 40 vya seli za ng'ombe. Vilitoka kwenye mashine mwezi Oktoba vikiwa na keki nyeupe nzuri, zenye kimo kilekile cha myeyusho wa mwanzo. Vizibo vilikuwa vimechemshwa siku ileile na kuachwa vikauke juu ya meza. Vichupa viliwekwa kwenye jokofu la kawaida, bila mfuko, kando ya chupa za vitendanishi vya watu wengine, na jokofu hilo lilifunguliwa labda mara hamsini kwa siku. Nilipovitoa mwezi Machi, keki zilikuwa zimejikunja upande mmoja, nyingine zimekuwa utando unaong'aa kama gundi iliyokauka chini ya kichupa, na kadi za karatasi nilizozibandika zilikuwa zimevimba kwa maji. DNA tuliyoitoa, ilipopitishwa kwa umeme kwenye jeli inayoitenganisha kwa urefu, ilionekana kama moshi mrefu usio na mstari wa juu, dalili kwamba nyuzi zake zimekatikakatika. Mashine ilikuwa imefanya kazi yake bila kosa.

Tangu hapo utaratibu wangu ni huu. Vizibo viwe vya mpira wa byutili, si vya silikoni wala mpira wa kawaida, kwa sababu silikoni hupitisha mvuke wa maji na oksijeni kwa urahisi. Vikishachemshwa vikaushwe kwenye oveni ya nyuzi 105 usiku kucha, vipoe ndani ya desiketa, yaani chombo kilichofungwa kikabaki kikavu, yenye silika jeli, chembe zinazonyonya unyevu, na vitolewe humo vikienda moja kwa moja kwenye vichupa. Mwisho wa ukaushaji, kabla mlango wa mashine haujafunguliwa, ingiza naitrojeni kavu kutoka kwenye silinda hadi ikaribie kanieneo cha chumba, kisha shusha rafu ya juu ili ivisukume vizibo vizame. Kifuniko cha alumini kikazwe mpaka kisizunguke ukikipindisha kwa vidole viwili.

Naitrojeni hiyo huiondoa oksijeni, lakini haizuii unyevu. Mvuke wa maji hufuata tofauti yake wenyewe kati ya nje na ndani, bila kujali ni gesi gani iliyomo. Kwa hiyo kichupa kinahitaji ukuta wa pili. Viweke vichupa kumi kumi ndani ya mfuko mnene wenye tabaka la alumini, pamoja na gramu 10 za silika jeli iliyokaushwa upya na kadi inayobadili rangi kulingana na unyevu, kisha uuzibe mfuko kwa joto mara mbili, mistari miwili sambamba. Silika ya rangi ya chungwa inayogeuka kijani ni salama zaidi kuliko ile ya bluu, ambayo rangi yake hutokana na kobalti. Ikichoka, huamshwa kwa oveni ya nyuzi 120 kwa saa chache.

Jambo dogo kwa wanaosafirisha: kichupa kilichozibwa Dar es Salaam kwa kanieneo cha pwani kikipandishwa hadi Kitulo, kizibo chake husukumwa kutoka ndani. Alumini ikiwa imelegea, kitapumua njiani na wewe hutajua.

Mahali pa kuweka

Nyuzi 4 za jokofu ni mahali pazuri, friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri ni bora zaidi, na kabati la chumba chenye ubaridi linafaa kwa miezi ikiwa mfuko ni mzima. Kwa makisio ya jumla, kila nyuzi 10 unazozishusha hupunguza kasi ya uharibifu wa kikemikali kwa mara mbili hadi tatu. Hapa hali ya hewa ya Mbeya na Mafinga inatupa zawadi ambayo wenzetu wa Kyela, kule chini kando ya ziwa, hawana. Hata hivyo nasisitiza kwamba ubaridi si badala ya ukavu. Jokofu ni mahali penye unyevu mwingi, na umeme unapokatika na kurudi, barafu ya friza huyeyuka, hudondoka na kuganda tena juu ya kila kitu. Kati ya mfuko mkavu kwenye kabati la nyuzi 18 na kichupa kisicho na mfuko kwenye jokofu lililojaa, ningechagua kabati.

Nusu ya vichupa vikae jengo jingine, ikiwezekana mji mwingine. Anayefanya kazi Uyole atafute mwenzake Iringa, wabadilishane.

Lebo iandikwe kwa kalamu ya rangi isiyofutika kwa spiriti, au ichapwe kwenye stika ya friza, na ndani ya mfuko iwekwe karatasi ya pili iliyoandikwa kwa penseli. Daftari liwe na namba ya kichupa, aina na jinsi ya mnyama, kijiji, ridhaa ya mwenye mnyama, tarehe ya kuchukua damu na tarehe ya kukausha, idadi ya seli, na toleo la vizibo lililotumika. Kwa wanyama wa porini, vibali vya utafiti vya COSTECH (Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia) na TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori) viwe mkononi kabla ya sindano, na namba za vibali ziandikwe humohumo, kwa sababu miaka kumi ijayo aliyevitafuta hatakuwepo kueleza.

Kufungua na kupima

Kichupa kikitoka kwenye baridi kisifunguliwe papo hapo. Mfuko wote uachwe mezani, bado umezibwa, kwa saa moja au mbili hadi uwe na joto la chumba. Ukivifungua mfuko na kichupa vikiwa baridi wakati wa masika, umande utashika juu ya kichupa, kama unavyoshika kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, na keki itaunyonya ndani ya dakika chache. Fungua mfuko, toa kichupa kimoja, rudisha silika iliyo kavu, ziba mfuko tena kwa joto.

Maji yanapoingia, vimeng'enya vilivyolala huamka. Usitie maji matupu ukaenda kunywa chai. Tia moja kwa moja bafa ya kupasulia seli yenye EDTA na kimeng'enya cha proteineizi K, kinachosaga protini, ikiwa baridi, na uendelee na uchimbaji wa DNA siku hiyohiyo.

Katika kupima, wengi hudanganywa na mashine ya kusoma mwanga. Uwiano wa mwanga unaomezwa katika mawimbi ya nanomita 260 kwa ule wa 280 unaofika 1.8 unaeleza kwamba protini ni kidogo, lakini hausemi lolote kuhusu urefu wa nyuzi. DNA iliyosagika kama unga wa ngano hupata 1.8 ileile. Pitisha mikrolita chache kwenye jeli ya agarosi ya 0.8% pamoja na DNA ya damu mbichi ya mnyama wa aina hiyohiyo. Unachotaka kuona ni mstari mmoja mzito juu, karibu na shimo la kupakia, bila moshi unaoteremka. Kisha fanya PCR mbili, moja ya kipande kifupi cha herufi 200 na nyingine ya kipande cha herufi elfu kadhaa. Kifupi kitafaulu hata kwenye sampuli mbovu. Ni kirefu ndicho kinachokutolea siri. Mwenye darubini ya mwangaza anaweza kuongeza lile jaribio la nyota yenye mkia, ambamo seli mojamoja hupitishwa umeme ndani ya jeli na DNA iliyokatika huburuzika nyuma ya kiini kama mkia. Wanafunzi wa Mbozi, kwenye kimondo maarufu, hupenda kuliita jaribio la kimondo, na mimi nimeacha kuwasahihisha.

Kwa kila toleo tenga vichupa sita ambavyo havitatumika kwa kazi nyingine yoyote, uviweke kwenye mfuko wao peke yao. Kimoja kifunguliwe wiki ya kwanza, ili ujue ukaushaji wenyewe ulipoteza kiasi gani. Kingine mwezi wa sita, kisha mwezi wa kumi na mbili, na vilivyobaki kimoja kila mwaka. Ikiwa cha wiki ya kwanza tayari kina moshi, kosa liko kwenye damu, myeyusho au mashine. Ikiwa cha kwanza ni kizuri na cha mwezi wa sita kina moshi, acha mashine, nenda ukaangalie vizibo.